Mpaina, mparachichi, mlingoti au mgrevilea: upande upi kwenye ekari zako mbili?

Mvua za Novemba zikikaribia, kandokando ya barabara ya Makambako kwenda Njombe hujaa vitalu vya miche. Viriba vyeusi hupangwa kama wanafunzi mstarini: mipaina huku, miparachichi ya kubebeshwa kule, milingoti nyuma yake. Ndipo simu zinapoanza. Shangazi anauliza kama aache mahindi apande parachichi. Binamu aliyeko Dar es Salaam amenunua ekari tano Makete na amesikia mpaina unalipa. Jirani alishapanda milingoti mia mbili mwaka jana, na sasa anauliza kama amekosea.

Swali huwa ni lilelile: mti gani una pesa? Mimi hujibu kwa maswali. Pesa unaitaka mwaka gani? Unaitaka yote siku moja au kidogokidogo? Shamba hilo ndilo linalokulisha au unalo jingine? Nani ataliangalia watoto wakishahamia mjini? Nimekulia kwenye vilima hivi, na nimeona mti uliomjengea mtu nyumba ya matofali ukimwacha jirani yake mikono mitupu. Mti ulikuwa mmoja. Walichohitaji ndicho kilichotofautiana.

Kwanza, sababu zako ni zipi?

Wakulima wadogo wa milimani hawapandi miti kwa sababu ya hotuba. Katika milima ya Uluguru watu walilazimishwa kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, na mwaka 1955 hasira zikalipuka hadi mpango ule ukavunjika. Siku hizi nenda Njombe, Mufindi au Lushoto, utakuta miti kwenye mashamba ya watu ambao hakuna aliyewaamuru. Wanapanda kwa sababu zao, na ni vizuri uzitaje zako kwa uwazi kabla ya kununua hata mche mmoja.

Kuna kuni. Mama anayetembea saa mbili kutafuta mzigo wa kuni hahitaji kuelezwa faida ya mti ulio nyuma ya jiko. Kuna upepo na mmomonyoko kwenye miteremko. Kuna nguvu kazi pia, na hii haisemwi sana: vijana wakiondoka, shamba la mahindi linalotaka kulimwa, kupandwa, kupaliliwa na kuvunwa kila mwaka linawashinda wazee, lakini miti ikishapita miaka miwili au mitatu ya kupaliliwa inajisimamia yenyewe.

Kuna ardhi yenyewe. Mti ni alama. Aliyepanda mti ameonyesha kwamba hapa ni pake, ndiyo maana ukikodi shamba mwenyewe atakuruhusu kulima viazi na maharage, ila ukimwomba kupanda miti atakukatalia. Wachagga wana mimea ya masale ya kuonyesha mipaka ya vihamba, yaani mashamba yao ya nyumbani. Huku kwetu kazi hiyo hufanywa na mstari wowote wa miti. Anayeogopa kwamba eneo lake litachukuliwa, liwe pori la familia au kipande cha urithi ambacho ndugu hawajagawana, hupanda haraka, na mara nyingi hupanda chochote alichokipata.

Na kuna akiba. Kwa wengi wetu mti ni benki ya kijijini: ada ya sekondari, bati, mahari, matibabu. Hapa ndipo miti inapotofautiana sana, kwa sababu benki hizi hazitoi pesa kwa namna moja.

Mpaina na mparachichi

Hii ndiyo mizani inayowasumbua wengi sasa, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Mpaina, yaani msindano, ni mti wa mtu mwenye ardhi na subira. Ukipanda kwa mita 3 kwa 3, ekari moja inachukua miche kama 450, na bei ya mche ni ndogo. Miaka miwili ya mwanzo unaweza kulima maharage katikati. Baadaye kazi ni kupalilia, kupogolea matawi ya chini, kupunguza miti iliyobanana, na kila kiangazi kusafisha barabara za moto. Mti hautaki dawa. Hauozi wala haudai kuvunwa Jumanne. Bei ikiwa mbaya mwaka huu, unaweza kuusubirisha hadi mwakani na utazidi kunenepa. Soko lipo karibu: mashine za kupasulia mbao zinazoitwa dingdong zinaingia mpaka shambani, mbao za mbili kwa nne zinapakiwa palepale, na ukanda mzima wa Mafinga umejengwa juu ya biashara hii, kuanzia shamba la Serikali la Sao Hill mpaka viwanda vya vinia, zile mbao nyembamba kama karatasi.

Tatizo lake ni muda. Mpaina wa mbao nzuri unataka miaka 15 na kuendelea, lakini shida za nyumbani hazijui kuhesabu hadi 15. Mipaina ya kwetu iliuzwa ikiwa na miaka tisa, mama alipougua. Mnunuzi alipita shambani asubuhi moja, akaitazama, akataja bei ya shamba zima kwa kukisia macho. Hatukuwa na kamba wala hesabu. Baba alikubali kwa sababu hospitali haikuwa na muda wa kusubiri. Nilikuja kupiga hesabu baadaye nikiwa mtu mzima: shina likinenepa kutoka sentimita 16 hadi 24 kwa urefu uleule, ujazo wa mti ndani yake unazidi mara mbili. Tena gogo jembamba hupoteza sehemu kubwa zaidi kwenye mabanzi. Tuliuza tukiwa tumevuka nusu ya njia tu, tukaacha sehemu yenye pesa kwa watu wengine. Simlaumu baba. Tulikuwa tumeweka akiba ya dharura kwenye mti usiotoa pesa kidogokidogo.

Halafu kuna moto. Kati ya Septemba na Novemba, kabla mvua hazijashika, jirani mmoja anayesafisha shamba kwa kuchoma anaweza kumaliza miaka kumi yako alasiri moja. Mpaina ukiungua au ukikatwa hauchipui kisikini. Unaanza upya na kiriba.

Mparachichi unakuja kinyume chake karibu katika kila jambo. Mche uliobebeshwa wa Hass, aina ya parachichi inayotafutwa sokoni, huanza kuonyesha matunda mwaka wa tatu, na kuanzia wa nne au wa tano unaweza kuuza kwa maana ya kuuza. Kwa nafasi ya mita 7 kwa 7 ekari inachukua miti kama 80 tu. Pesa inarudi kila mwaka, na chini yake maharage na viazi vinaendelea kwa miaka kadhaa. Kwa mwenye ekari moja na nusu hilo si jambo dogo. Soko nalo limefunguka: mwaka 2022 Tanzania ilitiliana saini na China makubaliano ya kuingiza parachichi huko, wakati Ulaya ilikuwa tayari inanunua.

Lakini mparachichi ni kama ng'ombe wa maziwa: ukimwacha wiki mbili bila kumwangalia atakuonyesha. Unataka shimo kubwa lenye samadi, maji miaka ya mwanzo wakati wa kiangazi, kupogolewa, kukaguliwa wadudu. Mizizi yake haivumilii maji yaliyotuama. Kwenye udongo mzito wa bondeni huoza, na mti unakauka kuanzia juu huku mwenye nao akidhani ni jua. Sehemu za Makete na Njombe zinazoshikwa na jalidi mwezi wa Juni na Julai huua miche michanga, kwa hiyo kipande kilichoko chini kabisa ya bonde, ambako hewa baridi hukaa usiku, kiachie kitu kingine.

Zaidi ya hayo, tunda halisubiri. Mnunuzi anapanga siku, anapanga bei, anakataa dogo, lenye mkwaruzo, lililochumwa bila kikonyo. Kama barabara ya kijiji chako hukatika wakati wa mvua, fikiria mara mbili. Uliza waliotangulia kuuza, uwaulize hasa habari ya matunda yaliyokataliwa: yalikwenda wapi, kwa bei gani. Jibu la swali hilo litakufundisha kuliko semina.

Na mche ununue kwenye kitalu unachoweza kurudi kulalamika. Nimeona mtu akihudumia miparachichi miaka minne ndipo akagundua kwamba Hass aliyouziwa si Hass.

Kwa hiyo ukiniweka ukutani: mwenye ekari mbili zinazomlisha, na nguvu ya kuhudumia shamba kila wiki, aelekee kwenye mparachichi, miti 15 hadi 30 kwanza, si ekari nzima. Mwenye kipande cha ziada kilicho mbali, kilichochoka kwa mahindi, na asiyekihitaji kwa miaka 15, mpaina ni wake. Binamu yangu wa Dar es Salaam yuko kundi la pili, ila nilimwambia akaongee na kijiji kwanza. Ardhi nyingi huku imekwenda kwa watu wa mjini wanaopanda mipaina na kuondoka, na vijana wanaobaki wanakosa pa kulima. Shamba la mtu asiyejulikana halina wa kulizimia moto.

Mlingoti na mgrevilea

Hii ni mizani ya kuni, mirunda na mipaka.

Mlingoti, au mkaratusi, hauna mpinzani kwa kasi. Ndani ya miaka minne hadi sita unatoa mirunda ya kushikilia zege la ghorofa. Ukiuacha zaidi ya kumi unatoa nguzo. Ukiukata unachipua kisikini, unavuna tena na tena bila kununua mche. Viwanda vya chai vya Mufindi na Rungwe vinahitaji kuni kila siku. Usambazaji wa umeme vijijini ulifanya nguzo kuwa dili kubwa, ingawa nguzo za zege nazo sasa zimeingia, kwa hiyo usipange maisha yako yote juu ya soko la nguzo.

Ubaya wake unajulikana na kila mwanamke aliyelima pembeni yake. Mahindi ya mistari iliyo karibu hudumaa. Mizizi inakwenda mbali na inakunywa. Ukiuweka juu ya kisima au kando ya kijito, wewe na walio chini yako mtalipia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa ziachwe bila shughuli za kibinadamu za kudumu au zinazoweza kudhuru hifadhi yake, na hata bila sheria hiyo ningekuomba hivyohivyo. Siuchukii mlingoti. Mahali pake ni kwenye kipande cha mawe au mteremko mkavu, mbali na bustani na mbali na maji, na hapo unafanya kazi ambayo hakuna mti mwingine unaiweza.

Mgrevilea ulitoka mashariki mwa Australia na uliingia kwetu kama kivuli cha chai na kahawa. Wakenya wa Mlima Kenya wanauita mukima, na ukipita Embu au Meru utaona mashamba yaliyozungushiwa mistari yake kama ukuta. Sababu ni kwamba unavumilia visu. Unaweza kuukata matawi yote ukabaki kama nguzo ya bendera, na baada ya miezi unaota upya. Matawi hayo ni kuni. Kivuli kinapungua wakati mahindi yanakua. Majani yake yanadondoka mengi na kuwa matandazo. Mizizi yake ina vishada vinavyojua kunyonya fosforasi kwenye udongo uliochoka. Sitasema uongo kwamba haugombanii chakula na mazao, unagombania, lakini kwa mkulima aliye tayari kuupogolea ugomvi huo ni mdogo.

Hebu piga hesabu. Ekari moja ya mraba ina mzingo wa mita kama 250. Ukipanda mgrevilea kila baada ya mita 3 una miti zaidi ya 80, na bado ekari yako iko palepale, inalimwa. Kuni unapata kuanzia mwaka wa tatu au wa nne kwa kupogolea. Mbao na fremu za milango miaka 15 na zaidi. Katikati hapo, na hili ndilo ningependa baba angelijua, unaweza kuuza mti mmoja. Mtoto akiitwa shule, miwili. Paa likivuja, mitatu. Iliyobaki inaendelea kukua. Bei ya mbao yake sehemu nyingi haifikii ya mpaina ulioiva vizuri, na mnunuzi wa dingdong hatafunga safari kwa miti miwili, kwa hiyo utamuuzia fundi wa kijijini. Sawa. Dharura ya nyumbani nayo ni ya kijijini.

Onyo moja. Mti wa mpakani una wenyewe wawili hata kama umeupanda peke yako, kwa sababu kivuli na mizizi havijui mpaka. Kabla ya kuchimba mashimo, mfuate jirani mkubaliane: mstari uko wapi, nani anapogolea, nani anachukua matawi yaliyoangukia kwake. Nimeona ndugu wa tumbo moja wakifikishana baraza la kata kwa sababu ya mistari iliyopandwa kimyakimya.

Miti ambayo kitalu hakitakutajia

Kama una ng'ombe wa maziwa, kaliandra inaweza kukufaa kuliko yote niliyoitaja. Ni kichaka kutoka Amerika ya Kati, kinarutubisha udongo kwa naitrojeni, kinashika kingo za matuta, na ng'ombe anakipenda. Utafiti uliofanyika Embu katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba kilo 3 za majani mabichi zinashika nafasi ya kilo 1 ya chakula cha dukani cha ng'ombe wa maziwa, na kwamba vichaka kama 500 vinamtosha ng'ombe mmoja mwaka mzima kwa kilo 6 kwa siku. Ukipanda viwili kwa kila mita, hivyo 500 vinaingia kwenye mita 250: mzingo uleule wa ekari moja. Hakuna lori litakalokuja kuvinunua, pesa yake inaonekana kwenye ndoo ya maziwa. Pengine ndiyo maana havitangazwi.

Muwati, mti wa Njombe, wazee wanaujua tangu kampuni ya TANWAT ilipoanza mwaka 1949 kwa ajili ya magome yanayotoa tanini ya kutengenezea ngozi. Leo wakulima wengi wanaupanda kwa mkaa: miaka saba hivi, wanachoma, halafu wanalima mahindi kwenye udongo uliopumzika na kupata naitrojeni. Ni mzunguko mzuri kwa mwenye nafasi. Tatizo ni mbegu zake, ambazo hulala ardhini na kuchipuka kwa wingi moto ukipita, kwa hiyo usiusogeze karibu na msitu wa asili.

Na miti yetu wenyewe. Kwenye vihamba vya Kilimanjaro, ambako kilimo cha Shimbwe Juu kilitambuliwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2011 kuwa urithi wa kilimo duniani, miti ya asili ya mringaringa na mruka imesimama juu ya kahawa na migomba kwa vizazi. Mringaringa unatoa mbao za thamani, kivuli chepesi na maua ya nyuki. Unachukua muda mrefu. Anayeupanda anawawazia wajukuu. Mitatu au minne karibu na nyumba haipunguzi chochote.

Nasisitiza kuchanganya kwa sababu nyingine pia. Mwishoni mwa miaka ya 1980 vidukari vya misaipresi, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, viliingia Afrika Mashariki na kukausha misaipresi mashamba kwa mashamba. Waliokuwa na aina moja tu walipoteza kila kitu kwa misimu michache.

Nani atasaini?

Kuna jambo linaloamua faida kuliko aina ya mti, nalo ni jina la mwenye mti. Katika nyumba nyingi mama ndiye anayemwagilia mche na kuupalilia, na siku ya kuuza anasikia mashine tu. Hati ya haki miliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaweza kuandikwa majina ya wote wawili. Andikeni. Hesabuni miti kwenye daftari, pimeni unene wa michache kila mwaka kwa futi kamba ya fundi cherehani, kwenye kimo cha kifua. Mnunuzi akija na macho yake, nanyi mtakuwa na namba zenu.

Shangazi mwaka juzi aliyaacha mahindi yake ya bondeni yalivyo. Alipanda miparachichi 18 nyuma ya nyumba, pale maji ya jikoni yanapofika, na migrevilea kwenye mpaka wa juu baada ya kunywa chai na jirani yake na kukubaliana. Miparachichi miwili ilikufa kwa baridi, akairudishia. Wiki iliyopita alipiga simu tena, safari hii akiuliza mbegu za kaliandra zinapatikana wapi, na kama ni kweli zinalowekwa usiku kucha kabla ya kupandwa. Nilimwambia ndiyo.